Muziki hufundishwa kila kata, cheti kiko mbali

Kijana wa Tanzania anayetaka kusomea muziki hadi apate cheti kinachotambuliwa na serikali ana milango michache ya kubisha: Bagamoyo, Mji Mkongwe wa Zanzibar, Mlimani jijini Dar es Salaam, Makumira nje kidogo ya Arusha, na vyuo vingine vinavyohesabika kwa vidole. Kijana huyohuyo akitaka kujifunza kuimba kwa sauti nne, kupiga dufu, kucheza ngoma ya kwao au kutengeneza biti kwenye kompyuta, mara nyingi hana haja ya kupanda basi. Kwaya ya kigango, madrasa, kikundi cha ngoma na studio ya chumba kimoja havimpiti mbali.

Hizo ni ramani mbili. Ya kwanza ina vyuo vyenye kibao mlangoni, na ndiyo inayozungumzwa katika sera na bajeti. Ya pili ina walimu wasio na kibao, na ndiyo inayowafundisha vijana wengi zaidi. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 katika mikoa 31, wengi wao wakiwa vijana na watoto. Atakayechora ramani ya kwanza peke yake ataona mikoa mingi ikiwa mitupu. Atakayeziweka zote mbili kwenye karatasi moja ataona jambo jingine: mafunzo ya muziki yamejaa nchini, ila njia za kumtoa mwanafunzi hatua moja hadi inayofuata ni chache mno.

Chanzo cha hali hiyo

Mwezi Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri, Mwalimu Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Utamaduni na vijana viliwekwa chini ya paa moja tangu mwanzo. Katika muongo huo likaundwa kundi la taifa la ngoma, lililokusanya wachezaji na wapigaji kutoka mikoa mbalimbali, na bendi za dansi zikaanza kumilikiwa na jumuiya na vyombo vya umma. NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi iliyokuja kujulikana kama Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964. Polisi, Magereza, Jeshi la Wananchi na Jeshi la Kujenga Taifa nao walikuwa na bendi zao.

Bendi hizo zilikuwa shule pia. Ala zilikuwa mali ya mwajiri na mwanamuziki alilipwa mshahara, kwa hiyo kijana asiye na gitaa lake aliweza kukaa karibu na gitaa miaka mingi. Alianza kwa kubeba vyombo, akaruhusiwa kupiga wakati wa mazoezi, akapewa gitaa la rizimu, na akikomaa akakabidhiwa solo. Mafunzo hayo hayakuwa na mtihani wa maandishi, lakini ngazi zake zilijulikana na kila mmoja alijua nani yuko juu ya nani.

Serikali iliunda Baraza la Muziki la Taifa, BAMUTA, mwaka 1974. Sheria namba 23 ya mwaka 1984 ikaliunganisha na chombo cha sanaa kilichokuwepo na kupata Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, ambalo hadi leo ndilo linalosajili wasanii na shughuli za sanaa Tanzania Bara.

Mambo yalibadilika miaka ya 1990. Mashirika ya umma yalipopunguza gharama, bendi zilikuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuachwa. Sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ikaruhusu redio binafsi, studio ndogo zikafunguliwa Dar es Salaam, na vijana wakagundua kwamba wimbo unaweza kutengenezwa kwa kinanda cha umeme na kompyuta bila bendi nzima. Ndipo ikazaliwa Bongo Fleva. Kizazi hicho kilipata redio, mashabiki na pesa ambazo wapiga gitaa wa zamani hawakuziota, lakini kilikosa ile nafasi ya kukaa karibu na ala miaka kumi. Ndiyo maana nchi leo ina waimbaji na watunzi wa mashairi tele, huku wapigaji wa saksafoni, tarumbeta na fidla wakitafutwa kwa tochi.

Darasani

Muziki haujawahi kukosekana kabisa katika shule za Tanzania, lakini kwa miaka mingi umeishi ndani ya masomo mengine. Katika mtaala wa shule za msingi uliotumika kabla ya mageuzi ya sasa, ulikuwa sehemu ya somo la Haiba na Michezo, pamoja na sanaa za ufundi na mazoezi ya viungo. Mwalimu aliyependa kuimba alifundisha kuimba, na aliyependa mpira akawatoa watoto uwanjani. Sekondari, Muziki ni somo linalotahiniwa na Baraza la Mitihani, lakini shule zinazosajili watahiniwa ni chache, kwa sababu somo linadai mwalimu aliyesomea na vyombo vya kufanyia vitendo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, ilileta mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024. Sanaa na Michezo imepata nafasi yake katika elimu ya msingi, na mkondo wa amali katika sekondari umezihesabu sanaa bunifu kuwa moja ya njia ambazo mwanafunzi anaweza kuifuata kama fani, sawa na kilimo au ufundi. Hilo ni badiliko kubwa kwenye karatasi. Utekelezaji wake unategemea walimu, na hapo mzigo unaelekea Butimba, Mwanza. Chuo cha ualimu cha huko kimejulikana kwa miaka mingi kwa kuandaa walimu wa muziki, sanaa za ufundi, maigizo na michezo. Chuo kimoja hakiwezi kujaza maelfu ya shule kwa muda mfupi, hata kama kila mhitimu wake angepangiwa somo alilolisomea.

Nafasi nyingine ya shule ni mashindano. UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa sekondari hujulikana zaidi kwa soka, netiboli na riadha, lakini huwa na kile walimu wanachokiita fani za ndani: kwaya, ngoma na nyinginezo. Shule hushindana kuanzia ngazi za chini hadi mkoa na taifa. Kwa wanafunzi wengi wa vijijini hiyo ndiyo mara pekee wanapoimba mbele ya majaji. Kasoro yake inaonekana mashindano yakiisha. Mcheza soka aliyeng'ara anaweza kuonwa na timu ya vijana, ilhali mwimbaji aliyeng'ara anarudi nyumbani na wenzake wakiwa na kombe la shule, na hakuna chuo wala kikundi kinachomngoja.

Jirani wa kaskazini anatoa mfano wa kulinganisha. Tamasha la Muziki la Kenya, lenye historia inayoanzia mwaka 1927, hupandisha shule kwa hatua hadi fainali za taifa, likiwa na nyimbo zilizopangwa ambazo kila mshiriki wa kundi lake lazima aziimbe, na majaji wanaoandika maoni yao kwa kila kundi. Nyimbo hizo zikipangwa, walimu wa nchi nzima huwa wanafundisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo tamasha limekuwa mtaala hata mahali ambapo somo lenyewe halifundishwi.

Vyuo vyenye kibao

Chuo chenye jina kubwa kuliko vyote Tanzania Bara kiko Bagamoyo, kilomita zipatazo 70 kaskazini mwa Dar es Salaam. Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, kikirithi kazi ya kundi la taifa la ngoma, na mwaka 2007 kikawa wakala wa serikali kwa jina la Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Mwanafunzi wa hapo hasomi ala moja tu. Hupita katika ngoma, muziki, maigizo na sanaa za ufundi kabla ya kuegemea upande mmoja, hivyo mpiga marimba anajua kusimama jukwaani na mwigizaji anajua kushika mdundo. Hukwe Zawose, bingwa wa zeze na ilimba kutoka kwa Wagogo aliyefariki mwaka 2003, alikuwa miongoni mwa walioipa Bagamoyo jina nje ya nchi. Tamasha la chuo, linalofanyika kila mwaka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndipo wanafunzi wanapokutana na hadhira ya kweli.

Zanzibar, Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, maarufu kama DCMA, kilianza kufundisha mwaka 2002 katika jengo la zamani la forodha kando ya bahari ya Mji Mkongwe. Kinachofundishwa hapo hakipatikani kwa mpangilio mahali pengine nchini: kanuni, udi, fidla, nai na akodiani za taarabu, pamoja na ngoma za visiwani na muziki wa kisasa. Faida yake kubwa imeonekana kwa wasichana. Katika vikundi vya taarabu vya zamani mwanamke alikuwa mwimbaji na mwanamume ndiye mpigaji. Chuo kiliwaweka wasichana nyuma ya udi na fidla, na baadhi yao wakaunda makundi yao, likiwamo Siti and the Band. Udhaifu wake ni wa fedha. Kimeishi kwa misaada ya wafadhili na ada ndogo ambazo wanafunzi wengi hawazimudu, na mwaka 2019 kilitangaza hadharani kwamba kingeweza kufungwa. Chuo kinachotegemea mfadhili hakina uhakika wa kuwepo mwanafunzi atakapofika mwaka wa mwisho.

Katika elimu ya juu, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimefundisha muziki tangu miaka ya 1970, bega kwa bega na maigizo na sanaa za ufundi. Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira, cha Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, kinatoa shahada ya muziki. Nyuma ya Makumira kuna historia ndefu ya Walutheri kuandaa walimu wa kwaya, hasa Ruhija mkoani Kagera, ambako wanamuziki wa kanisa walifundishwa nota, uongozi wa kwaya na ala za asili.

Ukivitia vyuo hivi katika ramani, vingi vinaangukia kwenye pwani ya Bahari ya Hindi na kwenye vilima vya kaskazini. Kijana wa Kigoma, Katavi au Rukwa anayetaka kwenda Bagamoyo ana safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na kabla ya ada anatakiwa kutafuta nauli, kodi ya chumba na chakula. Wazazi wengi wakipiga hesabu hiyo, mwana hupelekwa kusomea ualimu wa masomo mengine au udereva.

Kwaya na madrasa

Shule kubwa kuliko zote za muziki nchini ni kwaya, ingawa haiko katika orodha ya wizara yoyote. Katika parokia na sharika, mazoezi huwa jioni, siku mbili au tatu kwa wiki, na huongezeka Krismasi na Pasaka zinapokaribia. Mwalimu huandika nota za solfa ubaoni au hugawa nakala za karatasi. Soprano wanaanza kusoma nota zao bila maneno, do, re, mi, wakirudia mstari mmoja hadi uwaingie. Alto wanafuata wakati soprano wakinong'ona zao, kisha tenor, kisha besi. Sauti zote nne zikishasimama pamoja juu ya nota, ndipo maneno yanapowekwa. Mwanakwaya aliyekaa miaka mitatu katika kwaya ya namna hiyo anaweza kusoma wimbo ambao hajawahi kuusikia, kushika sauti yake huku jirani akiimba nyingine, na kumfuata kiongozi kwa jicho. Huo ni ujuzi ambao vyuo vya muziki vya ng'ambo huutafuta kwa mwombaji.

Watunzi nao wamezaliwa humo. John Mgandu, aliyetunga nyimbo nyingi zinazoimbwa katika makanisa ya Kikatoliki, alikuwa pia mwalimu wa muziki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mfano adimu wa mtu aliyesimama kwenye ramani zote mbili. Siku hizi watunzi wachanga huandika nota kwa programu za kompyuta na kuzisambaza mtandaoni. Tovuti ya Swahili Music Notes imekusanya maelfu ya nyimbo, na kwaya ya Sumbawanga inaweza kuimba Jumapili hii wimbo uliotungwa Moshi mwezi uliopita. Upande wa Walutheri, vikundi vya tarumbeta vimewafundisha vijana kupuliza ala za shaba, na kwa maeneo mengi hakuna mwalimu mwingine wa ala hizo isipokuwa wa jeshi au polisi.

Katika madrasa, watoto hujifunza kaswida, kuitikia kwa pamoja na kupiga dufu, na hushindana katika sherehe za Maulidi. Zanzibar wapo wanaoendeleza maulidi ya homu, ambamo sauti na mwili vinakwenda kwa mpangilio unaodai mazoezi ya muda mrefu. Wengi wa walimu hao hawataki kazi yao iitwe muziki, na anayekusanya takwimu hana budi kuheshimu msimamo huo. Anaweza kuandika kinachofundishwa, kwamba mtoto anajifunza kupumua, kushika mdundo na kukumbuka beti ndefu, bila kumbandika mwalimu jina asilolitaka.

Taarabu nayo ina vilabu vyake. Nadi Ikhwan Safaa cha Zanzibar kimekuwepo tangu mwaka 1905, na Culture Musical Club kikaja baadaye. Kijana anaingia mazoezini jioni, anaketi nyuma ya mzee wa fidla, na anapiga taratibu asikiuke sauti hadi vidole vyake vijue njia.

Uwanja wa ngoma

Kwa makabila mengi, mafunzo ya muziki yalifuata umri wa mtu. Watoto walikuwa na nyimbo zao za michezo, vijana walifundishwa nyimbo za jando na unyago, na watu wazima walikuwa na ngoma za mavuno, harusi na uganga. Kila rika lilipoingia katika hatua yake lilikuta mwalimu anayelingoja. Shule zilipochukua saa za mchana na miji ikachukua vijana, mpangilio huo ulivunjika mahali pengi, ila si kila mahali.

Wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma ni mahali pa kuutazama ukiwa hai. Muheme ya Wagogo hupigwa na wanawake. Wanabana ngoma zao katikati ya mapaja na kupiga kwa viganja. Wengi wao hushikilia mdundo usiobadilika, na mmoja mwenye uzoefu hupita juu yake akiubadilisha na kuwaongoza wachezaji. Wasichana wadogo husimama pembeni wakipiga makofi na kuitikia, na wanaanza kugusa ngoma pale tu wanapokuwa wameujua wimbo wote kwa sikio. Kituo cha sanaa cha Chamwino kimeandaa tamasha la muziki wa Cigogo tangu mwaka 2009, na vikundi vya vijiji vingi hukutana hapo, vikiwamo vya watoto. Mwanzilishi wake, Dk. Kedmon Mapana, ni mzaliwa wa eneo hilo, amefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ameandika kuhusu jinsi Wagogo wanavyorithishana muziki, na baadaye akawa Katibu Mtendaji wa BASATA.

Kanda ya Ziwa ina vyama vya ngoma vya Wasukuma, Bagika na Bagalu, vinavyoshindana kuvuta watazamaji katika sherehe za Bulabo huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza. Mshindi ni yule aliyejaza uwanja wake, kwa hiyo kila chama hufundisha vijana mbinu mpya kila msimu. Kusini, tamasha la MaKuya mjini Mtwara limekusanya ngoma za Wamakonde, Wamakua na Wayao. Sehemu hizi tatu zinatosha kuonesha kwamba ngoma inabaki na wanafunzi pale inapokuwa na siku yake katika kalenda. Kikundi kisicho na mahali pa kuonesha hakina sababu ya kuwaita watoto mazoezini.

Mtaani na studio

Mjini, mafunzo yamehamia katika makundi na studio. Nyumba ya Vipaji Tanzania, THT, iliyoanzishwa na Ruge Mutahaba mwaka 2005 jijini Dar es Salaam, ilikusanya vijana na kuwapa mafunzo ya sauti, jukwaa na ala, tofauti na desturi ya wakati huo ya kumwingiza msanii studio siku ya kwanza. Kutoka hapo walijulikana Mwasiti, Barnaba, Linah na wengine. Temeke, kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Said Fella kiliwalea vijana waliokuja kuunda Yamoto Band, ambao wawili kati yao, Aslay na Mbosso, wamesimama baadaye kila mmoja kwa jina lake. Shindano la Bongo Star Search liliwafikia waimbaji wa mikoani kwa usaili, ingawa shindano hupima kipaji kilichokwisha kuiva kuliko kukifundisha.

Chini ya ngazi hiyo kuna studio za uswahilini. Singeli, muziki uliozaliwa katika mitaa ya Dar es Salaam kama Manzese, Tandale na Mburahati, hutengenezwa kwa kompyuta moja na spika mbili. Prodyuza huchukua kipande cha taarabu au cha kinanda cha mchiriku, hukikatakata, hukiongezea mwendo hadi midundo 200 na zaidi kwa dakika, kisha hukirudisha mwanzo. Anayejifunza hukaa kando yake na kutazama mkono unaoshika kipanya. Prodyuza akitoka kula, mwanafunzi ndiye anayeketi kwenye kiti. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa mkusanyiko wa kazi za studio ya Sisso ya Mburahati, na baadhi ya vijana wa mitaa hiyo wakaalikwa kupiga katika matamasha ya Ulaya. Ada ya shule waliyoipitia ilikuwa muda wao na uvumilivu wa mwenye studio.

Kazi inayomngoja aliyejifunza

Upande wa pili wa ramani ni fursa. Iliyo imara kuliko zote ni ajira katika bendi za majeshi na polisi, ambazo bado zinahitaji wapuliza ala za shaba na wanaosoma nota. Ualimu unafuata, na utakua kadiri mkondo wa amali unavyohitaji watu. Hoteli za Zanzibar, Arusha na Dar es Salaam huajiri makundi madogo ya kupiga jioni, na harusi na shughuli za kifamilia huwalipa wapiga kinanda, bendi na vikundi vya kwaya. Kazi hizi hazitangazwi. Mpigaji huzipata kwa kujuana, na asiye mjini hazisikii.

Matamasha ni jukwaa la pili. Sauti za Busara, linalofanyika Mji Mkongwe mwezi Februari tangu mwaka 2004, hudai wasanii wapige mubashara. Sharti hilo limewasukuma vijana wengi waliozoea kuimba juu ya muziki uliorekodiwa kutafuta wapiga ala, na hivyo tamasha moja limezalisha soko la wapigaji.

Haki ya kazi ni njia ya tatu. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ndiyo iliyoizaa COSOTA, chombo cha hakimiliki cha Tanzania Bara. Januari 2022 mirabaha ya zaidi ya shilingi milioni 300 iligawiwa kwa wanamuziki. Mabadiliko ya sheria yaliyofuata yaliiachia COSOTA kazi ya usimamizi, na ukusanyaji ukaelekezwa kwa kampuni za wenye haki. Zanzibar ina chombo chake, COSOZA. Kijana asiyesajili wimbo hana mgawo, na usajili ni somo ambalo kwaya, madrasa na studio za mtaani hazilifundishi. Hali ni hiyohiyo kwa mikopo ya Mfuko wa Utamaduni na Sanaa: mwombaji anatakiwa kuwa na usajili na mchanganuo wa biashara, vitu ambavyo mpiga ngoma wa kijijini hajawahi kuelekezwa.

Mapengo manne

Ramani hizo mbili zikilazwa pamoja, pengo la kwanza ni la cheti. Mwanakwaya anayesoma nota na mpiga zeze aliyekaa miaka ishirini kwenye ala yake, wote wanahesabiwa hawana elimu ya muziki. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuwapima na kuwapa vyeti mafundi waliojifunzia kazini, kama waashi, mafundi magari na wapishi. Hakuna sababu ya kitaalamu ya kuuzuia utaratibu wa aina hiyo kwa wanamuziki, ilimradi wapimaji wawe watu wanaoijua ala wanayoipima.

La pili ni ala. Sauti haigharimu kitu, ndiyo maana uimbaji umeenea kila mahali. Gitaa, fidla na saksafoni huagizwa nje na bei zake ziko juu ya uwezo wa familia nyingi. Ala za asili zinatengenezwa nchini, lakini mafundi wake wanazeeka, na ni shule chache zinazowapa oda.

La tatu ni jinsia. Wasichana ni wengi kwenye kwaya na ni wachache kwenye viti vya maprodyuza. Mazoezi ya usiku na studio za vyumba vya uani huwafanya wazazi wawazuie, kwa sababu zinazoeleweka. Mahali palipopanga masomo mchana na kuweka walimu wanawake, kama ilivyokuwa Mji Mkongwe, wasichana walikuja.

La nne ni la habari. Mwalimu wa kwaya wa Tabora hajui Bagamoyo wanadai sifa gani, chuo cha Bagamoyo hakijui kwaya ya Tabora ina vijana wangapi wanaosoma nota, na mwenye hoteli Arusha hajui pa kumpata mpiga marimba. Kila mmoja ana anachokihitaji mwenzake.

Jinsi ya kuichora

Nchi zilizoamua kupanga elimu ya muziki zilianza na pengo hili la mwisho. Uingereza, kwa eneo la England, iliandaa mpango wa taifa mwaka 2011, na mwaka uliofuata kila eneo likawa na kituo cha kuratibu shule, walimu binafsi na makundi ya muziki ya mahali hapo. Mwaka 2024 vituo hivyo viliunganishwa vikabaki 43. Vituo hivyo havikuwa majengo mapya ya vyuo. Kazi yake kuu ni kujua nani anafundisha nini na kumpeleka mtoto kwa mwalimu anayemfaa.

Tanzania ina watu wa kuifanya kazi hiyo. Kila halmashauri ina ofisa utamaduni, BASATA ina daftari la wasanii, na dayosisi, parokia na ofisi za masheikh zina orodha za kwaya na madrasa zao. Fomu ya kata inahitaji maswali machache: nani anafundisha, anafundisha nini, kwa watoto wa umri gani, siku zipi, kwa gharama kiasi gani, kuna ala zipi na ziko katika hali gani, na mwanafunzi akimaliza anakwenda wapi.

Swali la mwisho ndilo lenye thamani kuliko yote, na kwenye fomu nyingi litajibiwa kwa mstari mtupu. Idadi ya mistari hiyo kwa kila wilaya ndiyo itakayoonesha wapi pa kuanzisha mtihani wa kupima ujuzi, wapi pa kupeleka mwalimu wa Butimba, na wapi tamasha dogo la kila mwaka lingetosha.